Bomba Lisilo na Baba

Nchi yetu ina bahari upande mmoja na serikali pande tatu zilizobaki. Bahari hupwa na kujaa. Serikali hujaa tu.

Mimi ninakaa Shungi, mtaa ulio chini ya Kilima cha Heshima. Kilimani wanakaa waheshimiwa, sisi tunakaa chini, na kinachotuunganisha nao ni bomba. Linaanzia vyooni mwao, linateremka kwa adabu chini ya bustani zao za waridi, linavuka barabara ya lami, kisha linafungua mdomo ufukweni kwetu, karibu kabisa na mwamba ambako wanawake wa Shungi huokota chaza na kombe, na watoto wa Shungi hujifunza kuogelea. Mdomo wenyewe ni mpana. Mtoto wa darasa la kwanza anaingia akichuchumaa. Najua, kwa sababu wangu, Saumu, aliwahi kuingia kufuata mpira, nami nikamtoa kwa sikio.

Sasa, bomba hili halina mwenyewe. Msidhani hatukuuliza. Nina stashahada ya chuo na nina miguu miwili, na vyote nilivitumia. Wizara ya Maji walinieleza kwamba kinachopita mle si maji, kwa hiyo hakiwahusu. Wizara ya Ujenzi walisema kila walichojenga kilizinduliwa kwa utepe na kibao cha marumaru, na bomba lile halina kibao, kwa hiyo halikujengwa. Wizara ya Afya walisema wao huwapokea watu wakishaugua, si kabla. Na Wizara ya Bahari, Fukwe na Mwenendo wa Mawimbi, ambayo dirisha lake linatazamana na bomba uso kwa uso, ilisema mamlaka yake yanaanza pale bomba linapoishia.

"Basi limeota," nilimwambia karani wa mapokezi.

"Inawezekana, mama," akajibu. "Ardhi yetu ina rutuba."

Serikali iliposhindwa kumpata mwenye bomba, iliamua kutuelimisha sisi.

Nisieleweke vibaya. Elimu ni kitu kizuri. Sisi wenyewe huwafundisha watoto wetu wasivunje matumbawe, wasiokote kombe wachanga, wasitupe nyavu chakavu majini. Hatukuhitaji mtu wa kutuambia bahari ni nini. Tunakula kutoka humo. Lakini Wizara ilipenda kutuambia. Kila bomba lilipotapika sana, mpaka povu la rangi ya chai likasimama juu ya maji, gari la Wizara lilikuja na kutandaza bango: BAHARI SAFI INAANZA NA WEWE. Tukapewa fulana zenye maneno hayo hayo, ili hata tukienda sokoni tujue nani wa kulaumiwa.

Mkufunzi alikuwa Bwana Twalibu, Mkurugenzi wa Elimu kwa Umma, kijana nadhifu mwenye sauti ya kutangaza misiba ya wakubwa. Alikuwa akiweka leso puani wakati wote, kwa ajili ya harufu ambayo haikuwa kwenye ratiba.

"Akina mama," alianza, "ni nini kinachochafua bahari yetu?"

"Bomba," alisema jirani yangu Mize, mtoto wake wa kunyonya akiwa mgongoni.

"Ahsante kwa mchango wako, mama. Mwingine?"

"Bomba," alisema wa pili.

"Tusirudie majibu, tafadhali. Tuwe wabunifu."

"Bomba la vyoo vya kilimani," alisema Bi Rehani kutoka nyuma. "Usije ukadhani tunasema la baiskeli."

Ukumbi ulicheka. Bi Rehani ndiye kungwi wetu. Msichana wa Shungi akivunja ungo ni yeye humfunda: usafi, heshima, namna ya kuishi na watu. Mdomo wake una pilipili, na tambuu juu ya pilipili.

"Bomba si mada ya leo, bibi," alisema Twalibu.

"Mada ya leo ni nini, mwanangu?"

Bwana Twalibu akatoa mfukoni ganda la ndizi lililofungwa kwenye karatasi, akaliinua juu kwa vidole viwili. "Hili."

Tulifundishwa ganda la ndizi mpaka saa ya chakula. Lina madhara gani likitupwa ufukweni, linamtelezesha nani, linamfukuza mtalii wa aina gani. Kisha msafara ukaondoka, ukatuachia chupa za plastiki za maji waliyokunywa wao, ganda lenyewe likiwa juu ya meza. Tukafagia sisi.

Semina hiyo tulipewa tena na tena. Nguo za Shungi zikaisha kabatini, zikabaki fulana. Watu walilima na fulana za Wizara, walipigia deki fulana za Wizara. Bomba peke yake halikuelimishwa hata mara moja.

*

Mwanzo wa mvua za vuli, Saumu aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Nilimbeba hadi hospitali, na wodini nikamkuta Mize na yule wa mgongoni, Hafidhi, ambaye alikuwa hajaota hata jino. Watoto wote wawili walikuwa wameoga maji yale yale asubuhi ile ile, maana mfereji wa mtaa ulikuwa mkavu na Mize alimwogesha wake baharini, kama alivyoogeshwa yeye.

Wangu alirudi nyumbani. Wa Mize tulimzika.

Serikali yetu haipuuzi kifo cha mtoto. Iliunda kamati. Kamati ilikaa kilimani, kwenye Kasri la Wageni, lenye vyoo vya marumaru ambavyo ukivuta mnyororo hutasikia kelele yoyote. Ilipomaliza, matokeo yalisomwa redioni: "Chanzo cha kifo ni uelewa mdogo wa jamii. Hatua iliyopendekezwa ni semina."

Semina ikaletwa msibani. Nasema msibani, matanga hayajaanuliwa. Bwana Twalibu alivua viatu, akatoa pole kwa sauti yake ile, akafungua boksi. Mize alipewa fulana. BAHARI SAFI INAANZA NA WEWE. Ilikuwa kubwa mno, ingemtosha mara mbili. Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka chini ya mto aliouegemea.

Nilitaka kumkamata yule kijana nimtoe nje kwa sikio, kama nilivyomtoa Saumu ndani ya bomba. Bi Rehani alinishika mkono. "Tulia, Mama Saumu," alisema. "Huyu ni bakuli tu. Tumtafute mpishi."

*

Mpishi alikuja mwenyewe baada ya muda mfupi, kwa msafara wa magari na king'ora, kututangazia Amri ya Bahari Safi.

Jina lake ni Mheshimiwa Dokta Mhandisi Shebwana, Waziri wa Bahari, Fukwe na Mwenendo wa Mawimbi. Nyumba yake ndiyo ya chini kabisa kilimani, sako kwa bako na Kasri la Wageni. Aliichagua mwenyewe apate upepo wa bahari. Alipanda jukwaani, akasubiri makofi, akayapata kutoka kwa wale waliokuja nayo.

"Ndugu wananchi," alisema. "Bahari yetu ni lulu. Lulu haishikwi na mkono mchafu. Serikali imewaelimisha kwa upendo mkubwa na kwa fulana. Sasa umefika wakati wa kupima matunda. Kuanzia siku ya Tamasha la Bahari Safi, mbele ya wageni wetu kutoka mataifa rafiki, hakuna mtu yeyote, chombo chochote wala kitu chochote kitakachoingia katika maji ya nchi hii bila kuwa kimeelimishwa na kupewa cheti. Atakayefeli mtihani, ufukwe kwake basi."

Akapigiwa makofi tena. Mimi nilikuwa nimesimama na kikapu cha kombe kiunoni, nikahesabu kwa kichwa nyumba ambazo hazitapika.

Mtihani ulifanyika chini ya turubai. Ulikuwa na swali moja: Ni nani anayechafua bahari? Tuliandika bomba. Asiyejua kuandika alichora bomba. Wengine walichora na kilima juu yake, kwa usahihi mkubwa. Tulifelishwa wote, kwa sababu jibu la Wizara lilikuwa "mimi".

Mtu mmoja tu alifaulu Shungi nzima, mume wangu Shomari.

"Umejibu nini wewe?" nilimuuliza.

"Nimeandika 'ni mimi'."

"Umechafua bahari lini, Shomari? Wewe kuogelea hujui."

"Sijui, Mama Saumu. Mtu akiniuliza nani amefanya, mimi hujibu hivyo tu. Nimeoa siku nyingi."

Kwa hiyo hali ilikuwa hii: siku ya Tamasha, ufukwe wote wa Shungi ungebaki mali ya Shomari, asiyejua kuogelea, na bomba. Wanawake waliolea watoto kwa mwamba ule wangepita mbali. Chaza wangekaa pale pale wakila kinachotoka kilimani, na hakuna ambaye angeona, kwa kuwa sisi tuliokuwa tunaona tungekuwa tumefukuzwa.

*

Tulikutana uani kwa Bi Rehani. Kila mtu alizungumza wakati mmoja. Wako waliotaka kuandamana. Wako waliotaka kurudia mtihani na kuandika "mimi", yaishe.

"Mimi siandiki," alisema Mize. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu maziko. "Nikiandika hivyo nimekubali nimemuua."

Bi Rehani alitema tambuu, akaniuliza, "Mama Saumu, wewe uliyesoma. Yule bwana alisemaje? Mtu yeyote, na nini?"

"Mtu yeyote, chombo chochote, kitu chochote."

"Bomba si kitu?"

"Ni kitu."

"Linaingia baharini?"

"Kila siku. Ijumaa mara mbili."

"Lina cheti?"

Nikaanza kucheka, halafu nikaacha, maana yeye hakuwa anacheka.

"Sikilizeni," alisema. "Mtoto akitukana wakubwa, akajisaidia njiani, akakosa haya mbele za watu, tunasema nini? Tunasema hajafundwa. Hili bomba halijafundwa. Na mimi kazi yangu ni hiyo. Nitalifunda kama mwari. Na mwari, mnajua wote, akianza kufundwa anakaa ndani. Hatoki nje hata kuchungulia mpaka somo liishe."

Mize aliuliza, "Atakaaje ndani?"

"Kwa kufungiwa mlango, mwanangu."

Tulikwenda Wizarani, mimi na Bi Rehani, kwa sababu sisi ni raia watiifu. Tulimweleza Bwana Twalibu kwamba tumesikia amri, tumeielewa, na tunaomba kulipeleka bomba kwenye mafunzo.

Bwana Twalibu alisugua kipaji. "Mwanafunzi lazima aletwe na mzazi au mlezi. Bomba ni la nani?"

"Sisi ndio tunawauliza nyinyi," nilisema.

Akapiga simu Maji. Akapiga Ujenzi. Akapiga Afya. Kila mahali alijibiwa kwa upole mkubwa. Mwishowe akaweka simu chini. "Halina mtu."

"Basi ni yatima," alisema Bi Rehani. "Yatima hulelewa na jirani. Sisi ni jirani."

"Hilo... hilo kwa kweli linaitwa ushirikishwaji wa jamii," alisema Twalibu, na uso wake ukang'aa, maana neno hilo lilikuwa kwenye mpango kazi wake na alikuwa hajapata pa kuliweka. "Mtalielimisha kwa njia gani?"

"Ngoma ya mwari."

"Ngoma ya utamaduni! Mbele ya wageni! Mheshimiwa atafurahi sana." Akaiingiza kwenye ratiba ya Tamasha, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya hotuba.

"Ila mwanangu," alisema Bi Rehani akiwa mlangoni, "ngoma yetu haitazamwi na wanaume. Utamwambia Mheshimiwa."

"Wizara inaheshimu mila," alisema Bwana Twalibu.

*

Siku ya Tamasha kilima kizima kiliteremka ufukweni. Mawaziri, wake zao, wapishi wao, walinzi wao. Wageni wa mataifa rafiki waliketishwa kwenye viti vyenye vitambaa, upande ambao upepo haupiti. Hakubaki mtu kilimani wa kuvuta mnyororo, kwa hiyo bomba lilikuwa linadondosha matone tu, kama mzee anayesinzia. Bahari ilikuwa imekupwa hadi mbali. Tuliipanga siku hiyo sisi? La. Aliipanga Waziri, apate mchanga mpana wa magari.

Katikati ya ufukwe, Wizara ilikuwa inajenga Sanamu ya Kombe la Uzalendo, kwa hiyo palikuwa na mchanga, kokoto na mifuko ya saruji, chini ya bango la Wizara. Yote ni mali ya umma. Sisi ni umma.

Wimbo wa taifa ulipoisha, Bwana Twalibu alishika kipaza sauti. "Sasa akina mama wa Shungi watafanya ngoma ya jadi ya kuelimisha mazingira. Kwa kuheshimu mila, tunaombwa wanaume wote tugeuke."

Mheshimiwa Waziri alisimama akageuka. Walipoona hivyo, mawaziri wote wakageuka. Walinzi wakageuka, polisi wakageuka, brasibendi ikageuka. Wageni waliambiwa na wakalimani wao, wakageuka. Wake wa wakubwa, ambao hufanya lile linalofanywa na itifaki, nao wakageuka. Serikali nzima ikatupa mgongo.

Tuliuzoea mgongo huo. Siku hiyo tu ndiyo ulitufaa.

Tulizungushia mdomo wa bomba kanga. Ngoma zikalia. Bi Rehani akaanzisha:

"Mwari wetu kaa ndani,
nje kuna macho mengi."

Nasi tukaitikia:

"Kaa, mama, kaa."

Kwanza ziliingia fulana. Mtaa mzima ulikuwa umeleta zake, magunia na magunia, na kofia, na mabango ya semina. Tulizijaza kwenye viroba pamoja na mchanga, tukavisukuma ndani, kisha wanawake sita wenye michi ya kutwangia wakavishindilia kwa mpigo wa ngoma, kaa, mama, kaa, mpaka michi ikawa inadunda. Yakafuata mawe ya matumbawe yaliyokufa, ambayo bomba lenyewe liliyaua. Halafu saruji, niliyoikoroga nzito mimi, kama ninavyokoroga unga wa muhogo, na kokoto. Askari mmoja wa kike, mzaliwa wa Shungi, alikuwa amegeuka na wenzake, kisha akageukia kwetu tena. Akatazama kila kitu. Nilisimama na mwiko mkononi. Alikuja taratibu, akashika pembe ya kanga iliyokuwa inapeperuka, akaivuta vizuri ili tusionekane.

Kabla ya kuziba nafasi ya mwisho, Mize alitoa kifuani fulana yake. Ilikuwa bado imekunjwa pembe kwa pembe. Aliiingiza kwa mkono wake mwenyewe, mkono mpaka begani, akaipapasa mara moja kama mtu anavyompapasa mtoto aliyelala. Nikapiga saruji juu yake.

Tulipotoa kanga, palikuwa na kibao kidogo cha mbao: MWARI YUMO NDANI. MSIGONGE.

Ngoma ikanyamaza. Serikali ikageuka, ikatupigia makofi. Bwana Twalibu alikuwa na machozi. Alisema hajapata kuona jamii iliyoshirikishwa namna ile.

*

Waziri alihutubia mpaka bahari ikarudi na kukalia mlango wetu kwa uzito wake wote. Kisha waheshimiwa walipanda kilimani kwenye karamu. Walikula. Walikunywa. Baada ya hapo wakafanya kile ambacho binadamu hufanya baada ya kula na kunywa, wote, kwa muda mmoja, na wakavuta minyororo isiyo na kelele.

Habari za kilichofuata tulizipata kwa wapishi. Kwanza sinki la Kasri lilikoroma. Halafu kitu kikapanda badala ya kushuka. Kikapanda kwenye vyoo vya marumaru, kikatoka chini ya milango, kikatambaa juu ya zulia jekundu mpaka kwenye viatu vya wageni wa mataifa rafiki. Nyumba ya Waziri, kwa kuwa ni ya chini kabisa na inapata upepo, ilipata na hilo.

Redio ikatangaza janga la taifa. Tulikuwa tunaishi nalo miaka yote na hatukujua lina jina kubwa hivyo.

Bwana Twalibu alipelekwa kilimani haraka. Kijana huyu ana ujuzi mmoja, akautumia. Alisimama kwenye ngazi ya nyumba ya Waziri, akatandaza bango, akatoa ganda la ndizi, akamuuliza mke wa Waziri, Bi Nargisi, aliyekuwa amesimama juu ya kiti cha kulia chakula akiwa amekusanya gauni lake magotini: "Mama, ni nini kinachochafua nyumba yetu?"

"Wewe mpumbavu?" alisema Bi Nargisi. "Si bomba hilo."

"Ahsante kwa mchango wako, mama. Mwingine?"

Inasemekana alimpiga na kiatu. Mimi sikuwepo, ila naamini, kwa sababu ndilo jibu ambalo sisi sote tulitamani kulitoa.

*

Polisi walikuja Shungi kumtafuta aliyeziba bomba. Mkuu wao alituuliza nani aliona. Tulimwambia yeye mwenyewe alikuwepo, atuambie aliona nini. Akasema aliona bendi kwa nyuma. Akamuuliza yule askari wa kike, naye akajibu kwamba amri ilikuwa kugeuka.

"Mmeharibu mali," alisema mkuu.

"Ya nani?" niliuliza. "Mlete mwenye mali alalamike."

Akarudi kilimani kumleta mlalamikaji. Maji wakakataa. Ujenzi wakakataa. Afya wakasema wako tayari kupokea wagonjwa. Na huku juu kiwango kilikuwa kinapanda, na kulivunja zege letu bila mwenyewe kusema ndiyo, hakuna mhandisi aliyethubutu kuweka sahihi. Wageni wa mataifa rafiki walikuwa wamehamia kwenye meli yao.

Asubuhi moja Mheshimiwa Dokta Mhandisi Shebwana akaja uani kwa Bi Rehani. Hakuja na king'ora. Alikuja na mabuti ya mpira na mtu wa redio, maana alitaka taifa limsikie moja kwa moja akitatua tatizo.

Bi Rehani hakuinuka. "Karibu mkekani, baba."

Akakaa, magoti yakimsumbua. "Bibi, tumekuja kumwomba... huyo mwari wenu atoke."

"Mwari hutolewa na baba yake. Baba ni nani?"

"Hilo ni suala mtambuka. Linagusa wizara kadhaa."

"Kwa hiyo mama yake alikuwa na waume kadhaa. Sisi hapa hatumtoi mwari wa namna hiyo. Akae kwanza."

"Bibi, hali ya juu ni mbaya. Watoto wangu hawalali. Mdogo anaharisha."

Pale uani tulikuwa wanawake wengi. Hakuna aliyesema pole. Sijivunii, wala sijutii.

"Baba ni nani?" aliuliza tena Bi Rehani.

Waziri alimtazama mtu wa redio, ambaye alisogeza kinasa sauti karibu zaidi. Akatazama mabuti yake. Jasho lilimshuka mpaka kidevuni.

"Ni letu," alisema.

"La nani? Hatusikii huku nyuma," alisema mmoja wetu.

"Ni langu. La Wizara. Lilijengwa na Wizara, kwa michoro ya Wizara. Nilisaini mimi. Mabwawa ya kusafishia yalikuwemo kwenye mchoro, tukayaahirisha."

Mabwawa hayo yalichimbwa baadaye kilimani, pembeni ya bustani za waridi, na ndipo mwari akatolewa. Yana kibao cha marumaru. Siku yalipozinduliwa mimi nilikuwa mwambani na kikapu changu na Saumu.

Lakini pale mkekani, Waziri alipokwisha kusema hivyo, alipumua, akajifuta uso, akaanza kuinuka kama mtu aliyemaliza shughuli. Mize alikuwa amekaa mbele yake. Hakumpisha.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Samahani, mama?"

"Bomba. Limekuwa lako tangu lini? Kabla ya mvua za vuli, au baada?"

Mtu wa redio hakuzima kinasa sauti. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza. Mheshimiwa Waziri alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, hakikutoka kitu.

Mize akajikunjia miguu vizuri, akakaa kumsubiri.